Mama Mkwe Kanirushia Mimi Mwenyewe

Jana saa mbili usiku mama mkwe wangu alinirushia video ya mimi mwenyewe nikitumbukia mtaroni kwenye stendi ya hapa Kiseke PPF, Mwanza, mkono mmoja juu na sato wawili, kama mjumbe anayepiga kura ya ndiyo. Chini yake akaandika: "Mkwe wangu, mtazame huyu mzee, masikini! Kaanguka lakini samaki hawaachii!" Hakunitambua. Mpiga picha alisimama nyuma yangu, na mama mkwe wa Kisukuma, kwa heshima tuliyowekeana, hajawahi kunikagua upande huo. Nikajibu, "Shikamoo mama. Watu wa mjini wana mambo." Kisha nikazima taa, nikaenda kukaa uani.

Mama anaishi Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, nilishangilia kwamba sasa ukweni ni karibu. Sikumaanisha karibu kiasi hiki.

Kilichoniuma kuliko goti ni ile mishale miwili juu ya video. Wengi huiona wakaipita. Mimi niliikodolea macho hadi chaji ikaisha, maana ukiielewa inatisha. Ujumbe unaorushwa WhatsApp hubeba kihesabio ndani yake, na kila anayeurusha hukipandisha namba moja. Kampuni yenyewe haiioni video, kwa kuwa imefungwa kutoka simu hadi simu. Kihesabio nacho kimefungwa humohumo, kinasafiri na mzigo. Mshale mmoja: imerushwa. Miwili: imepita mikono mitano au zaidi, mmoja akimpokea mwenzake, tangu kwa aliyenipiga picha pale stendi. Na hao watano ni mstari mmoja tu uliofika Sengerema. Kila mmoja wao huenda aliirusha pembeni kwenye grupu la ukoo, la kwaya, la vikoba. Hapo hesabu yangu ya darasa la saba hugoma.

Kuna kubaya zaidi. Aprili 2020, uzushi wa korona ulipozidi, WhatsApp waliamua kwamba chenye mishale miwili kirushwe kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Baadaye wakatangaza kwamba urushaji wa vitu vya namna hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Kwa hiyo kama mishale ilikuwa imeshatimia, aliyempelekea mama mkwe hakugusa majina matano kwa mpigo akaendelea na ugali wake. Alimchagua. Alishuka na orodha polepole, akafika kwenye jina la mama, akasema huyu lazima aone. Namshuku shemeji mdogo, ila sina ushahidi.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Mwaka 2012 Jonah Berger na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchambuzi wa makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, wakitafuta zipi wasomaji hutumiana. Walikuta kinachosafiri ni kile kinachochemsha damu: mshangao, hasira, wasiwasi. Huzuni humlegeza mtu, naye akilegea harushi kitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Berger aliwakimbiza watu palepale waliposimama kwa sekunde 60, kisha akawapa makala ya kawaida kabisa wasome. Waliokimbia waliituma kwa wenzao zaidi ya mara mbili ya waliokaa. Mbio tu, basi! Sasa fikiria stendi yetu. Nilipotumbukia, vijana wa bodaboda, mama wa maandazi na konda aliyeacha abiria mlangoni, wote walikuja mbio. Walifika mioyo inadunda na simu ziko mkononi. Kisayansi nilikuwa nimekwisha kabla sijatoa mguu kwenye tope. Laiti wangekuja wakitembea, au angalau wangenihurumia. Huruma ingeimaliza ile video kabla haijafika Buswelu.

Tangu nitumbukie, kinyozi kaniweka stetasi. Konda ananiita Mzee Sato. Jumuiyani sala ilisimama kidogo nilipoingia. Rafiki yangu mmoja ananishauri niitumie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini mrushaji pekee ninayemjua kwa jina ni mama mkwe.

Ila liko jambo halinichekeshi. Mtaro ule hauna mfuniko tangu masika ya mwaka juzi. Nimeupiga picha ukiwa mkavu, nikaupiga ukiwa umefurika, nikaziweka kwenye grupu la mtaa na kuandika kwamba watoto wa shule wanauruka asubuhi na jioni. Nikapata vidole gumba viwili, na mtu mmoja akauliza kama hicho kiwanja kinauzwa. Wataalamu wanasema hasira husafiri. Sawa, lakini mtaro wazi haumkasirishi tena mtu wa Kiseke. Unamchosha, na uchovu hauna wa kumrushia. Kilichokuwa kinasubiriwa ni mwili. Umekuwa wangu, ukatoka na goti lililochubuka na samaki wazima, basi tukacheka. Mvua za vuli zikianza utakuwa wa nani? Kwenye video mtaro unaonekana kushoto, mpana, mweusi, hauna hata kamba. Wote walioirusha waliuona.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye ofisi inayohusika. Ofisa alinisikiliza kwa adabu huku kanikazia macho.

"Samahani mzee wangu, si ndiye wewe wa sato?"

Akawaita wenzake. Nikaona hapohapo ndipo pa kupenyea: nikafungua video, nikaisimamisha pale mtaro unapoonekana mzima, nikamwekea kidole. Akainama, akaitazama kwa makini kwelikweli.

"Hii yako haina singeli," akasema. "Taja namba nikurushie yenye singeli."