Hisani ya Mashimo 18

Kamati za hisani nchini Kenya zikitafuta uwanja wa gofu, huanza na nyasi na kumalizia na yatima. Hutakiwa mashimo 18, jumba lenye mandhari na jina la kutamkika mbele ya wafadhili. Kodi, chakula na fulana zikishalipwa, kilichobaki hupelekwa kwa mlengwa pamoja na hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha. Lakini Mombasa kuna uwanja wa mashimo 9 kando ya bahari, na hakuna sheria ya gofu inayokataza kuuzunguka mara mbili.

Watasema hautoshi: timu za watu 4 zikianza pamoja, moja kila shimo, mashimo 18 hubeba wachezaji 72, nayo 9 hubeba 36. Basi gawanyeni asubuhi na alasiri. Upepo wa Kusi hautozi kiingilio. Watasema tena kwamba bila uwanja wa fahari wakubwa hawatoi. Huenda ni kweli, ila huo si msaada, ni mauzo ya nyasi, na wa kushukuriwa ni mkata majani. Wema hauozi, tunaambiwa. Kumbe humwagiliwa maji kila alfajiri.