Ngozi ya Mbuzi wa Idd

Nyumbani kwetu Bondeni, Nakuru, kitu kikuukuu hakivuki kizingiti mpaka kipite mahakama mbili. Ya kwanza ni ya mama watoto, anayeuliza bei. Ya pili ni ya mamake, anayeuliza kitawekwa wapi. Baiskeli ya magurudumu matatu ilikata rufaa ikashindwa. Redio ya mbao ilisamehewa kwa kuwa ilifaa kuwekea mtungi wa maua. Banjo lilikuwa na mkosi zaidi: lilifika alasiri ambayo mahakama zote mbili zilikuwa barazani zikichambua mchele.

Mchuuzi wa vyuma chakavu aliyeniuzia alisema lilitoka nyumba ya shamba upande wa Subukia, pamoja na cherehani isiyo na gurudumu na karabai zilizotoboka. Sikuwa na sababu ya kumbishia. Kuanzia Njoro hadi Solai ilikuwa nchi ya walowezi, na walioanza kuuza mashamba uhuru wa 1963 ulipokaribia walibeba vilivyobebeka, wakaacha vilivyowachosha. Yeye aliliita gitaa la ngoma, jina ambalo hadi leo sijaliona kasoro. Lilikuwa na bakuli la mbao lililofungwa nyuma, duara la chuma lililozungukwa na skrubu, shingo yenye madoa ya lulumizi, na chapa ya Windsor, Birmingham. Ngozi ilikuwa imetafunwa na panya. Nyuzi hazikuwapo. Kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi kubeba nyuzi nacho kilikuwa kimeshakwenda na njia zake.

“Karo ya muhula wa pili?” aliuliza mama watoto bila kuinua macho kwenye ungo.

“Imelipwa.”

“Na hicho ni nini?”

“Banjo.”

Hapo mama mkwe akauweka ungo wake chini. “Lete nilione, baba.” Akalipindua, akaligonga kwa kidole, akalirudisha. “Hili si banjo. Umeuziwa mzoga.”

Mama mkwe ni mzaliwa wa Mombasa, na katika taarab alizokulia, banjo ni kile kisanduku chembamba kinacholazwa mezani, chenye nyuzi chini na vibonyezo vilivyoigwa kwa taipureta juu. Ndicho taishokoto. Mjapani Goro Morita alikibuni Nagoya mwaka 1912, kikafika Bara Hindi na huko wakakiita banjo, kisha kikaja zake pwani na kuketi katikati ya udi na fidla. Mbele ya shahidi wa namna hiyo, lulumizi za Birmingham hazikuwa na la kusema. Kesi ikaahirishwa. Banjo likalala chini ya meza ya cherehani, maana mama watoto hushona sare za shule na chumba cha mbele ni chake.

Mashahidi wengine walikuja bila kuitwa. Wa kwanza alikuwa shemeji, kaka wa mama watoto. Huyu Jumapili yake haianzi mpaka Don Williams na Kenny Rogers wamewaamsha majirani, na hayuko peke yake: Kenya hii ina wapenzi wa kantri kuliko mgeni anavyoweza kuamini, hata tunaye Sir Elvis wetu, Elvis Otieno, anayeiimba kwa kofia pana na buti. Shemeji alilipokea banjo kama ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Akatuhubiria kuhusu mpiga banjo Earl Scruggs na vidole vyake vitatu. Binti yetu mkubwa akamkatiza kwamba hayo ni ya wazee. Banjo limo katika wimbo wa Beyoncé wa 2024, “Texas Hold 'Em”, na aliyelipiga ni Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi. Mama watoto akauliza kama huyo Giddens alinunua lake likiwa na ngozi.

Kisha shemeji akahesabu vigingi vya kukazia nyuzi, na nyumba ikakosa amani. Vilikuwa sita. Alama za nyuzi zilikuwa tano.

“Kuna uzi umeibiwa,” akasema.

Ukweli ni wa kibiashara tu. Aina hii, waliyoiita zither-banjo, ilienezwa London mwishoni mwa karne ya 19 na Mmarekani aitwaye Alfred Cammeyer, na vigingi vyake ni vile vya gitaa, ambavyo hutengenezwa vitatu kwa kila kipande cha chuma. Watengenezaji wakavifunga vilivyo. Kigingi cha sita hakina kazi tangu kuzaliwa kwake. Nilieleza hayo yote, lakini huwezi kumwambia mtu wa Nakuru kwamba skrubu imewekwa bure. Fundi makanika wa mlango wa tatu alikuja kutazama akaunga mkono wizi. Mwuza omena naye akaunga mkono wizi. Walipomaliza, nilikuwa nimetajwa mara kadhaa kuwa mtu anayeuziwa vitu pungufu.

Tukaanza na ngozi, maana bila ngozi banjo ni sufuria. Na Mfungo Tatu ulikuwa umekaribia.

Ngozi ya mbuzi wa kuchinja Idd ina sheria zake. Aliyechinja anaweza kuitumia au kuitoa. Haiuzwi, wala mchinjaji hapewi iwe ujira wake. Kwa kawaida yetu huenda madrasa. Nikaenda kwa ustadhi kumweleza kwamba mwaka huu tungependa kubaki nayo.

“Ya nini?”

“Ya kuwamba ngoma.”

“Dufu?”

“Karibu na dufu.”

Akanitazama kwa muda. “Ngozi nimekuruhusu. Nyuzi zake usiniulize.” Habari zilikuwa zimeshamfikia.

Sasa, kutoa manyoya kwenye ngozi mbichi kunahitaji majivu ya kuni, maji, ndoo na majirani wapole. Majivu tulipewa na mama wa mahamri. Ndoo iliwekwa kwenye bafu la ploti, nyuma ya mlango, imefunikwa kwa sinia. Siku za mwanzo hakuna aliyejua. Baadaye harufu ilianza kutembea, ikapita kwa makanika, ikapanda ngazi kwa askari wa zamu ya usiku aliyekuwa analala mchana, na wa kwanza kulalamika alikuwa mwuza omena. Akasema amezoea kunuka kwa halali, si huku. Mpangaji mpya, aliyekuja kuoga alfajiri na kuinua sinia, aliona nywele zikielea katika maji ya kijivu, akatoka na taulo akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kufikia adhuhuri ploti nzima ilikuwa inajua kwamba kuna mtu anaroga. Landilodi alipiga simu. Mama watoto ndiye aliyeipokea, na jinsi alivyonitetea ilikuwa mbaya kuliko kushtakiwa: “Harogi, mzee. Angekuwa anaroga tungekuwa na pesa.”

Aliyetuokoa ni makanika. Kwao ni upande wa Kericho, na babu yake alikuwa mpigaji wa chepkong', kinubi cha Wakipsigis chenye bakuli lililowambwa ngozi. Aliiona ndoo, akakunja mikono ya shati. Akatuonyesha kuikwangua kwa kisu butu juu ya gogo, manyoya yakitoka kwa mafungu, kisha kuigeuza na kupunguza upande wa nyama mpaka mwanga upite, kisha kuiosha na kuiosha tena mpaka majivu yaishe. Akifanya kazi alisimulia yale ya Kapkatet: jinsi mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alivyorekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika vijijini kwa santuri ilhali mwenyewe alikwisha kufa tangu 1933.

Shemeji, aliyekuwa amesimama mbali akiwa ameziba pua, aliachia pua. “Jimmie Rodgers? Baba wa kantri?”

“Nusu paa,” akasema makanika.

Tangu saa hiyo shemeji akashika ndoo.

Lakini alikuwa na dukuduku lake. Aliona tunaharibu chombo cha Kizungu kwa ngozi ya mbuzi wa Bondeni. Hapo kwa kweli nilipandisha sauti. Babu zake banjo ni vibuyu vilivyowambwa ngozi na kutiwa shingo ya mti, akina akonting wa Wajola wa Senegali na Gambia. Waafrika waliouzwa utumwani walivuka bahari na ufundi huo vichwani, wakaviunda upya katika visiwa vya Karibi na mashamba ya Marekani. Birmingham ilikuja mwisho kabisa, ikaongeza skrubu. Kama kuna kitu kwenye banjo lile kilichokuwa kinarudi kwao, ni ngozi ya mbuzi.

“Na kigingi cha sita?” akauliza shemeji.

Kuwamba ilikuwa kazi ya mama watoto, ingawa hakuna aliyempangia. Alikuwa anatutazama wanaume watatu tukiivuta ngozi mbichi juu ya duara, huku inakaza huku inalegea, mpaka akasukuma kitambaa cha sare pembeni. “Mnaivuta kama mnagombania mkoba. Ondokeni.” Akaizungushia ngozi waya wa duara, akaikunja pindo, akaibana kwa vibanio vyake vya nguo, akapitisha vidole pande zote kusawazisha. Makanika akakaza skrubu kwa mpangilio wa nati za gurudumu, moja hapa, inayofuata upande wa pili kabisa, robo mzunguko kila mara. Ikaachwa ikauke kivulini, polepole, maana ikikaushwa kwa jua huchanika yenyewe. Paka alikaa chini yake akiitazama kama aliyekula kiapo.

Kijiti cha kubebea nyuzi kilichongwa na seremala mmoja karibu na Afraha. Alisema tu tumletee mti mgumu uliokauka sawasawa. Mwanetu wa mwisho ndiye aliyetumwa, akautafuta, akaupata. Kiasi cha saa moja usiku, maji ya ugali yakichemka, mama watoto akauliza mwiko uko wapi. Kukawa kimya cha ajabu. Mtoto akaelekeza kidole juu ya meza ya cherehani, ambako sehemu ya mwiko ilikuwa imesimama juu ya ngozi ya Idd, na vikato vitano. Ugali ulisongwa kwa mpini wa ufagio mpya. Kesi ya mwiko haijafungwa.

Nyuzi za banjo hatukuzipata mjini, tukanunua za gitaa, zile nyembamba kabisa, maana shingo ya umri ule ukiifunga nyuzi nzito inapinda. Za gitaa huwa na kishanga mwishoni. Ukikivunja kwa koleo kinabaki kitanzi, na kitanzi ndicho kinachoshikwa na ndoano. Ile ya kati zamani ilikuwa ya utumbo wa mnyama. Mwuza omena akatuletea mshipi wa nailoni kutoka kwa wavuvi wa Naivasha, akasema hiyo ni fidia ya maneno yake kuhusu harufu.

Zikafungwa nne. Ya tano, iliyo fupi, haikuwa na pa kupita. Shemeji akaona ushindi umekaribia. Ni mtoto aliyegundua kitundu pembeni mwa shingo, kwenye chuma cha tano kati ya vile vinavyoikata shingo. Akapuliza. Ukatoka upepo kichwani pa banjo, na kabla ya upepo akatoka mende. Uzi wa tano hupita ndani ya shingo, katika mrija, na kutokeza huko juu. Mama watoto akaupitisha kwa ndoana ya kuvutia mpira wa kiuno cha sketi. Kisha akachukua futi yake ya kushonea, kwa kuwa kijiti hakigundishwi, husimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu: kutoka ncha ya shingo hadi chuma cha kumi na mbili, na kutoka hapo hadi kwenye kijiti, vipimo viwe sawa. Binti akafungua programu ya simu kulinganisha sauti. Likalia. Sauti kali, safi, yenye mlio wa bati kidogo.

Mvua za Julai zikaliua. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu; ikaloa, ikalegea, banjo likawa linakohoa. Shemeji akasema tununue ya plastiki, kama walivyofanya Wamarekani tangu miaka ya 1950. Mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu ile siku ya mchele, akainuka, akachochea jiko, akalishika banjo kwa shingo na kuligeuza juu ya makaa, si karibu, likizunguka. Tulipiga kelele kuhusu gundi. “Dufu nimezipasha moto tangu sina meno ya utu uzima,” akasema. “Nyamazeni.”

Alipolitoa, hakulipakata. Alililaza mezani, kwa namna ya lile banjo lake la Mombasa. Akakata kipande cha mfuniko wa kopo la Kimbo kiwe cha kudonolea, mkono wa kushoto akashika kijiko akikitelezesha juu ya nyuzi mahali pa vibonyezo, akapiga wimbo wa harusi ambao mama watoto aliufuata kwa kupiga ubao wa cherehani. Shemeji alitaka kusema kwamba halipigwi hivyo. Akaangalia nyuso, akameza.

Mfungo Sita ulipoisha, wanawake wa Kivumbini walikuja kumwomba mama mkwe na banjo kwa kesha la harusi. Alikubali kwa sharti kwamba jiko liende pia, likiwa na makaa. Dereva wa tuktuk alipokea abiria na banjo, jiko akalikataa. Mama mkwe akamwuliza kama yuko tayari kuwaeleza wenye harusi kwa nini ngozi imelegea. Hakuwa tayari. Wakabishana nauli ya jiko kuanzia mlangoni hadi tuktuk ilipowaka, na mwishowe likalipiwa bei ya mtoto wa shule.