Misingi ya Elimu-Utotazamaji: Filamu ya Rafiki katika Migori na Homa Bay

Mwanafunzi wangu, weka simu kando. Tunaingia katika taaluma iliyo mama wa taaluma zote, nayo ni Elimu-Utotazamaji: uchunguzi wa jinsi binadamu anavyoacha kutazama filamu. Wavivu hudhani kutotazama ni tendo moja tu. La hasha! Kutotazama kuna mizizi, shina na matawi, na ustaarabu wa taifa hupimwa kwa ubora wa mambo ambayo raia wake hawajayaona.

Maabara yetu ni kaunti za Migori na Homa Bay. Kielelezo ni Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, yenye dakika 82. Kena na Ziki, wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi, wanapendana ilhali baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi wadi, na katika kupendana huko kila mmoja anatafuta atakuwa mtu gani. Aprili mwaka huo Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Mfaransa akaiona kabla ya mtu wa Oyugis, na siku hiyo sayansi yetu ikazaliwa.

Aina ya Kwanza ni Mtotazamaji-Sheria. Hakutazama kwa sababu alikatazwa. Usimchanganye kamwe na nduguye, Mtotazamaji-Sheria Aliyedhulumiwa, ambaye hata bila marufuku asingetazama, ila sasa ana kinyongo kwamba serikali imemwahi kukataa. Kwa nje ni mapacha. Tofauti iko kwenye pumzi: wa kwanza huguna, wa pili husonya.

Hapa pana tatizo la kinadharia lililotukosesha usingizi. Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu ipate sifa ya kufikiriwa kwa tuzo za Oscar, na watu wazima waliotaka wakaruhusiwa kuitazama. Ukumbi wa Prestige, Nairobi, ukafurika. (Kamati ya Kenya ya uteuzi wa Oscar iliishia kuteua filamu nyingine, Supa Modo, lakini hilo ni shamba la jirani, tusilivuke.) Sasa fikiria mkazi wa Muhuru Bay. Ana siku saba za kutafuta nauli, kuaga nyumbani kwa sababu inayotamkika mbele ya mama mkwe, kusafiri zaidi ya kilomita 300, kutazama na kurudi. Akishindwa, je, kutotazama kwake wiki hiyo ni kwa kisheria? Hapana. Sheria ilikuwa imefungua mlango. Huo ni utotazamaji-nauli, na nimeupa kabati lake ofisini.

Aina ya Pili, iliyo fahari ya kaunti zote mbili, ni Mtotazamaji-Mfasiri. Huyu hajaiona filamu na anaisimulia yote. Mtafute kwenye steji ya bodaboda Awendo au Rongo, amekaa juu ya tangi la pikipiki, mteja nyuma yake anachelewa. Amekulia katika vibanda vya video, ambako DJ Afro husimulia sinema za watu kwa Kiswahili chake juu ya sauti za waigizaji, kwa hiyo amegundua jambo ambalo vyuo vikuu havijaligundua: msimulizi akiwepo, picha ni ziada. Mwaka huohuo wa 2018 UNESCO iliingiza Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe huko Migori, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na kuna mahali zinapita mita nne. Hoja za Mfasiri zimejengwa kwa ufundi huo huo: baina ya jiwe na jiwe hamna kitu, na bado haziyumbi. Mlezi wa daraja lake yumo ndani ya filamu yenyewe, Mama Atim, mwenye kibanda na mdomo. Mfasiri hamjui, ingawa kitaaluma ni shangazi yake.

Aina ya Tatu ni aliyelala ikianza. Tusipoteze wino.

Aina ya Nne ni hatari, nayo hudai umakini: Mtazamaji-Kanushi. Huyu ameiona. Aliipata kwenye flashi, faili likiwa na jina la somo la uhasibu, akaitazama hosteli ya chuo usiku, shuka kichwani, spika moja ya sikioni na sikio la pili mlangoni. Ukimuuliza, hajaiona. Nimebuni kipimo kisichokosea. Uliza ghafla: "Ziki amesukwa rangi gani?" Mtotazamaji halisi atajibu, "Ziki ndiye nani?" Kanushi atasema "Sijui" kabla hujafika kwenye "rangi". Wengine hutokwa na machozi katikati ya kipimo. Machozi hayo tumeyapima kwa ujazo. Chanzo chake hakihusu idara yetu.

Inabaki Bodi. Bodi haina aina, kwa kuwa ilitazama kwa niaba ya wote, tena mpaka mwisho. Tunalijua hilo kwa sababu, kwa maelezo ya Kahiu, mwisho ndio ilioutaka ubadilishwe: ulikuwa na matumaini mno. Alikataa. Zingatia matokeo, mwanafunzi. Mwisho ulioombwa, wenye majuto ya kutosha, haukuwahi kupigwa picha. Hakuna aliyeuona Nairobi, Cannes wala Mbita, na mbele yake hata Bodi ni mtotazamaji wa kawaida kama mimi nawe. Ndio utotazamaji safi wa kwanza kurekodiwa nchini.

Mfasiri wa Awendo, hata hivyo, anausimulia wote, pamoja na wimbo wa kufungia.