Mbwa Alihudumiwa Kwanza

  Mama, huku Lyon Baba Salma ametufilisi.

Amepata ajira ya kudumu, akaapa kwamba familia yake itakula penye vitambaa vyeupe mezani. Nikamwambia: Salma ana miaka mitano na Idi miwili, tununue kuku wa kuoka, twende zetu bustanini. Hakunisikia. Alishasoma kwamba Lyon ndio jiko la Ufaransa, na kwamba nyota za mikahawa hutolewa na Michelin, walewale wa matairi. Na ni kweli: mwaka 1900 walitoa kitabu cha bure cha kuwaongoza wenye magari, watu wasafiri sana, matairi yaishe upesi. Nyota zikaanza 1926. Tulikokwenda sisi hapakuwa na nyota hata moja. Bei ndizo zilizokuwa mbinguni.

Wa kwanza kutuharibia ni jua. Pale hawaandai chakula cha jioni mpaka saa moja na nusu, na Juni hii magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku. Idi, ambaye saa hizo huwa ameshaogeshwa, alifika akakuta jua linawaka, akaamua kwamba siku ndiyo kwanza inaanza.

Meza ya jirani alikaa bibi mmoja wa lulu shingoni, na chini ya meza yake mbwa. Ndiyo, Mama, mbwa, ndani ya hoteli. Mwenye mkahawa akiridhia, huku hakuna anayeshangaa. Mhudumu akamletea bakuli la maji sisi hatujapata hata glasi. Na alivyotulia mbwa yule! Wa kwangu tayari alikuwa anamwendea kwa magoti, akimwita "Paka! Paka!" Baba Salma akamvuta mguu, akamfuta mikono kwa kitambaa cheupe kilekile kilichomtoa nyumbani.

Sasa kuagiza. Kila chakula Baba Salma aliuliza kama kina mvinyo. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Nyama ina mvinyo, kuku ana mvinyo, mayai yamepikwa kwa mvinyo, hata mapeasi ya mwisho yamechemshiwa humohumo. Tukaangukia kwenye quenelle: samaki wa mtoni aliyepondwa, akachanganywa na unga, mayai na siagi, akaumukia ndani ya oveni. Hana kichwa, hana mkia, hana mwiba. Mtu wa Tanga umpe samaki asiye na mwiba! Baba Salma alimgeuza huku na huku akimtafuta, mwisho akaomba pilipili. Ikaletwa pilipili manga, ndani ya kinu kinacholingana na Idi kwa urefu, akasagiwa kwa heshima zote.

Aliyetustiri ni Salma. Tangu 2019 shule huku ni lazima mtoto akifika miaka mitatu, na mchana kantini inawalisha kwa utaratibu: saladi, chakula chenyewe, jibini, kisha kitindamlo. Basi mjukuu wako alikaa wima, kitambaa mapajani, akamkata samaki wake kwa kisu na uma. Baba yake alipotaka kitindamlo akamkanya: "Baba, bado jibini." Mhudumu alimwinamia. Kuanzia hapo akawa anazungumza na Salma tu. Mimi na baba yake tulikuwa wageni wa Salma.

Baada ya jibini kijana yule mhudumu akaja na kikwangulio kidogo cha fedha, akakusanya makombo ya mkate mezani. Idi hajapata kuona mchezo mtamu kama huo. Mtu alipogeuka tu, akafikicha kipande kingine, akakimwaga, akangoja. Kijana akarudi. Idi akafikicha tena. Nikadhani mkate ukiisha yataisha, kumbe mkate huku ni wa bure, na kikapu kikiwa kitupu kinajazwa.

Bakshishi haidaiwi, huduma imo ndani ya bei. Baba Salma aliiacha hata hivyo, na safari hii sikumgombeza: kijana aliitolea jasho.

Dada Mwana, wewe unayekuja Agosti, usiulize tutakupeleka wapi kula. Utakula nyumbani, mkekani. Lete achari ya embe, pilipili mbuzi, na samaki mkavu mwenye miiba yake yote.