Jinsi ya Kumlea Mtoto kwa Kidole Kimoja

Mpe simu mapema, kabla hajaota meno ya kuitafuna. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Hayo yasikutie hofu. Wakubwa wa shirika hilo kule Geneva hawajawahi kusubiri lori la maji hapa New Site, Juba, mtoto analia mgongoni, maharage yanaungua na mteja wa chai anadai chenji yake.

Mfungulie katuni ya lugha isiyosemwa na mtu yeyote nyumbani. Kiarabu cha Juba kipo nje, Kibari kipo kwa haboba, yaani bibi yake, Kiswahili kipo kwa mama aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Za bure zote hizo, hazina hadhi. Weka Kichina. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Marekani, waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi 9. Waliokaa na mtu akawasemesha, walizishika sauti zake. Waliowekewa video hawakuambulia kitu. Umeona? Hataongeza lugha ya nne ya kukujibia.

Haboba ndiye wa kuchunga. Akimwaga uji wa kisra, mkate wetu wa mtama, kwenye bamba la moto na kuutandaza mpaka uwe mwembamba kama karatasi, mtoto atasogea: hiki nini, mbona kinatoboka, nipe kipande. Na haboba, bila aibu, atamjibu yote! Ongeza sauti ya simu.

Shemeji akikwambia unamdumaza mtoto, mjibu kisomi. Mwaka 2016 watafiti wa London waliona kwamba watoto waliowahi kusogeza skrini kwa kidole waliwahi pia kupanga vibao vya kuchezea. Ishia hapo. Ukifika 2017 utawakuta wakisema kila saa moja ya skrini kwa siku inaendana na usingizi uliopungua kama robo saa. Na kwa joto la Juba, nani analala?

Serikali ya Sudan Kusini nayo inaweza kukuharibia. Januari 2025 iliamuru Facebook na TikTok zifungwe, kwa sababu ya video za Wasudan Kusini waliokuwa wakiuawa Sudan, kisha ikazifungua baada ya siku chache. Video zile ziliwatoa machozi watu wazima. Kidole kinachotafuta katuni ndicho hichohicho kinachofika huko, na mtoto wa miaka 3 hasomi onyo. Wewe endelea kupika.

Chaji ikiisha atagaragara chini. Usimpe udongo wala vifuniko vya soda, atavizoea. Kimbilia kwa mwenye sola ukalipie chaji, na mtoto nenda naye. Ukimwacha na haboba nusu saa tu, utarudi umkute anaongea.