Kioo Changu, Rimoti Yake

Nianze na bati. Wenye nyumba wa Dar es Salaam wana imani kwamba bati likishapigiliwa msumari halihitaji kuangaliwa tena mpaka Kiyama. Bati la kwetu lina tundu moja tu, dogo, la msumari uliokwenda upande. Kwa miaka mitatu tundu hilo lilidondosha maji katikati ya sebule, tukaliwekea ndoo, tukazoeana. Masika haya, bila taarifa, likabadili njia. Maji yakafuata boriti, yakatambaa hadi ukutani, yakateremka polepole, na katika nyumba yenye sakafu yote ile ya kulowana, yakachagua mgongo wa runinga.

Runinga yenyewe inchi 32, ya bapa, niliyomaliza kuilipia kwa mafungu.

Enzi za runinga za chogo hili lisingetokea. Chogo lilikuwa na paji pana kama meza. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki, na maji yangelazimika kupiga hodi kwa vyote hivyo kabla hayajaufikia umeme. Likigoma, unalizaba kofi la ubavuni, linatii. Walipozima mitambo ya analojia hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, chogo letu lilivishwa king'amuzi na likaendelea na maisha kama mzee aliyepewa miwani. Hizi za bapa ukizizaba kofi, umenunua nyingine.

Nimekuja kujua baadaye, tena kwa gharama, kwamba maji peke yake si adui mkubwa. Runinga iliyolowa ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, ukaifungua, ukaisafisha na kuiacha ikauke kabisa, ina nafasi nzuri ya kupona. Balaa ni maji na umeme kukutana. Hapo shaba inaanza kuliwa papo hapo, na ukichungulia siku ya pili unakuta kutu ya kijani imetapakaa kwenye bodi kama kuvu kwenye mkate. Sasa mwanangu wa mwisho, ambaye hajawahi kukumbuka hata kuzima taa ya chooni, siku hiyo aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akaiwasha runinga mwenyewe. Ikasema "tii", ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza.

Ushauri ukaanza. Dada wa duka la pembeni aliniambia niifukie kwenye mchele, kama simu. Nikamfikishia mke wangu wazo hilo. Akaniuliza kama najua gunia la mchele wa Kyela ni shilingi ngapi, na je, baada ya hapo tutakula wali wenye ladha ya runinga? Nikaliacha.

Baba mwenye nyumba naye akaja kutoa pole, mikono nyuma. Ni mtu wa Unguja, mzee wa heshima, na bati halikutajwa hata mara moja. "Mwanangu," akaniambia, "sisi kwetu runinga ya rangi tunayo tangu miaka ya sabini mwanzoni. Nyinyi wa Bara mlisubiri mpaka 1994. Wiki moja itakuua?" Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Alipofika kizingitini akatazama juu, akasema mvua za mwaka huu zina baraka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitazama runinga bila kuigusa, kama daktari aliyechoka, akasema, "Kioo." Kwa mafundi, neno hilo moja ni hukumu ya kifo, maana kioo ndicho runinga yenyewe, mengine ni vikorokoro. Bei aliyonitajia ilikuwa pungufu kidogo tu ya runinga mpya. Nikaibeba nikarudi nayo kwenye bodaboda, nimeikumbatia kama jeneza la mtoto, watu wa barabarani wakinipisha kwa huzuni.

Na hapo ndipo jirani alipoingia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na runinga ya kampuni hiyohiyo, inchi zilezile, toleo jingine. Yake ilipigwa na mpira wa mtoto, kioo kikapasuka kama utando wa buibui, lakini sauti ikabaki. Tangu mwaka juzi alikuwa anaisikiliza taarifa ya habari kama redio. Nilipomsimulia yaliyonikuta akafikiri, akanywa chai yangu, akasema: "Jirani, yako kioo kizima, bodi mbovu. Yangu bodi nzima, kioo kibovu. Tunalia nini?" Akaniletea mzoga wake jioni ileile, umefungwa kwa shuka. "Chukua tu," akasema. Ningekuwa na akili, ningedai maandishi.

Kazi ilifanyika kitandani kwetu, kwa sababu kioo kinataka kulazwa mahali laini. Mke wangu akahamia kwa watoto, akisema hajawahi kusikia mwanamke aliyenyang'anywa kitanda kwa ajili ya runinga. Mgongo wa runinga una skrubu 22, za urefu tofauti tofauti. Nikazipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa saa. Mtoto akapita, akaisogeza sahani apate pa kukaa.

Fundi mmoja rafiki yangu aliniongoza kwa simu. Jambo la kwanza alilonisisitizia ni kopo moja jeusi kwenye bodi, kapasita kubwa, ambayo hata ukichomoa waya inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 tumboni. "Itoe moto kwa balbu, zile za zamani," akasema. Balbu za zamani nani anazo siku hizi? Nikajiambia kwamba runinga imezimwa wiki nzima, kopo hili litakuwa limesahau. Langu kweli lilikuwa limesahau. La jirani, ambaye alikuwa akisikiliza taarifa ya habari mpaka dakika tano kabla ya kuileta, lilikuwa na kumbukumbu nzuri sana. Nilisikia "paa!", bisibisi ikaruka hadi kwenye neti, na ncha yake mpaka leo ina pengo. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili kama bado nipo. Nikasema nipo. Akasema basi nisimwamshe mtoto.

Bodi ya jirani ilikuwa ya aina ile ambayo pawa, mashine na kila kitu vimekaa pamoja, kama chumba kimoja cha kupanga. Nikaifunga kwenye runinga yangu, nikachomeka ule waya bapa wa kwenda kwenye kioo, nikahamisha na kijicho kinachopokea rimoti, kwa sababu changu kilikuwa kimeoza. Vitufe vya pembeni vya runinga yangu havikuoana na bodi hiyo, tundu la pini nne na waya wa pini sita, nikavipuuza. Kumbukeni kwamba nilivipuuza.

Tukawasha. Sauti ikaja, safi kabisa, mtu anasoma bei za mazao. Kioo giza. Jirani akacheka kwa furaha: "Imekuwa kama yangu!"

Fundi akasema kwenye simu, zima taa za chumbani, chukua tochi, mulika kioo kwa karibu. Nikamulika. Mle ndani, hafifu kama mtu aliye chini ya maji, nikamwona msomaji wa bei za mazao. Maana yake kioo hakijafa, na yule fundi wa kwanza wa "kioo" sijui alikuwa anatazama nini. Zilizokufa ni taa za nyuma.

Hizi taa nazo nina neno nazo. Nyuma ya kioo kuna kanda za taa ndogondogo, zimeunganishwa moja baada ya nyingine, umeme unapita kwa hii ndipo ufike kwa ile. Moja ikifa, zote zinazima. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kwenye moto, mmoja akaenda kununua vocha, nyumba ikateketea. Kuzifikia ni lazima unyanyue kioo chenyewe, chembamba kuliko biskuti, na kingoni kina vijitepe vya plastiki ambavyo ukikunja kimoja tu umejichorea mistari ya kudumu. Tulikinyanyua watu wawili, mimi na jirani, hatupumui. Chini yake kuna karatasi laini tatu na ubao mweupe wa kusambaza mwanga. Maji yalikuwa yamezigandisha pembeni. Nikazifuta, nikazianika kwenye kamba ya nguo kati ya kanga mbili, na mpangilio nikauandika kwa peni kwenye kiganja. Hata hivyo kona ya chini kushoto limebaki doa, limekaa kama kisiwa cha Mafia, na halitoki.

Taa iliyokufa ilikuwa moja tu, mguu wake umeliwa na kutu. Nikaenda kwenye mzoga wa jirani kutafuta mbadala. Zipo za volti 3 na za volti 6, kwa sura mapacha, ukikosea unaanza upya, lakini zake kwa bahati zilikuwa za 3 kama zangu. Tatizo ni kuzibandua. Zimelehemewa kwenye ukanda wa alumini, na alumini inakunywa joto la chuma cha kulehemu kama mchanga unavyokunywa maji. Fundi akanielekeza: tumia pasi. Unaigeuza tumbo juu, unalaza ukanda juu yake, unangoja risasi iyeyuke, unainyakua taa kwa kibanio. Ni pasi ya nani, sikuuliza. Niliichomoa taa, nikaiweka kwenye ukanda wangu, nikaipachika kinyumenyume, nikaichomoa tena, nikaipachika sawasawa. Jumapili iliyofuata gauni jeupe la kitenge lilipata mstari wa fedha mgongoni, na mpaka leo naulizwa umetoka wapi.

Tukafunga. Zikabaki skrubu tatu. Tukawasha, na picha ikaja, rangi zote, watoto wakapiga makofi. Kisha wakainamisha vichwa.

Picha ilikuwa miguu juu.

Nikampigia fundi. Akasema hilo la kawaida, bodi ya toleo lile inadhani kioo kimekaa kinyume, dawa yake ni kuingia kwenye menyu ya siri kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, ukageuze. Ila niwe mwangalifu, mle ndani ukibadilisha kisichohusika runinga inageuka sinia. Nikachukua rimoti yangu, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabadilisha betri. Hakuna kitu. Ndipo jirani akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, polepole, akatoa rimoti yake, akabonyeza. Sauti ikapanda.

Runinga haitii kioo, inatii bodi.

Nikamwomba rimoti niingie kwenye ile menyu. Akairudisha mfukoni. "Jirani, umesema inaweza kugeuka sinia. Bodi hiyo nzima, imenivumilia miaka minne, halafu tuichezee kwa kubahatisha?" Nikamkumbusha kwamba alisema nichukue tu. Akasema nimechukua, kwani nani kaninyima? Mwisho yeye ndiye aliyetoa suluhisho. Tumeitundika runinga ukutani miguu juu, na picha sasa imesimama sawasawa. Jina la kampuni liko juu, limepinduka. Spika zinatazama dari, kwa hiyo habari tunazipata baada ya kugonga bati. Kisiwa cha Mafia kimehama kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kimekalia nembo ya stesheni, hatujui tena tunatazama nani.

Sasa kila jioni saa moja na nusu, "Hodi." Anaingia na rimoti mfukoni kama fundi saa. Ana kiti chake, na watoto wameshajua kukipisha. Mimi nyumbani ni Msimbazi, yeye Jangwani, na hilo pekee lingetosha kuvunja ujirani. Timu yake ikipata kona anaongeza sauti. Ya kwangu ikipata penalti anasema tumwache mtoto asome. Siku moja timu yake ilifungwa bao dakika ya 88, akainyoosha mikono juu kama anajinyoosha, "Umeme huu utatumaliza, jirani," akazima, akamuaga shemeji yake, akaenda kulala.

Mtaniambia ninunue rimoti nyingine. Nilinunua, barabarani, shilingi 5,000, ile inayojisifu kwamba ni ya runinga zote duniani. Inaongeza sauti. Kupunguza haipunguzi, kuzima haizimi, kuwasha haiwashi. Ilifanya kazi usiku mmoja tu, na mke wangu akaitupa mwenyewe.

Juzi alfajiri jirani alipata msiba, kwao Korogwe, akaondoka na basi la kwanza. Tulimpa pole na nauli kidogo. Jioni nimekaa kwenye kiti chake, kwa starehe kabisa, runinga inanitazama kwa kile kijitaa chake chekundu, juu, mahali pasipo pake. Nikakumbuka vile vitufe vya pembeni nilivyovipuuza. Nikampigia, nikampa pole upya, nikaulizia wafiwa, nikaulizia njia, halafu nikaulizia rimoti.

"Ninayo hapa, jirani," akasema. "Nimeigundua tulipopita Chalinze, imo kwenye koti. Huku mvua kubwa sana, lakini usiwe na wasiwasi. Haijalowa."