Pai ya Maua na Jasho Lake

Pai ya jeli yenye maua, ambayo petali zake huchongwa kwa bomba la sindano lililojaa maziwa ya rangi, hupigwa picha kwanza. Kuliwa ni majaliwa. Jelatini huyeyuka hata kabla ya nyuzi 35, na Dar es Salaam ya Februari haiko mbali na hapo: umeme ukikatika, waridi limekuwa uji. Ukiweka nanasi lisilopikwa haigandi kabisa, kwani kimeng'enya chake hukatakata protini. Mtasema ni sanaa. Sawa, ila sanaa yenyewe imechemshwa kutoka ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na wenyeji wangapi husoma pakiti kabla ya kukaribisha wageni? Wenye kung'ang'ania maua watumie agari ya mwani, isiyoyeyuka mpaka nyuzi 85 hivi.